Nyumba ya mawe ya ukoo: ukiona dalili hii, tafuta chanzo hiki

Mwongozo huu ni wa familia zenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe wa Unguja, iwe Shangani, Malindi, Kiponda au Mkunazini, ambazo zimeazimia kuitengeneza na ibaki kuwa ile ile. Mengi yaliyomo yatawafaa pia wenye nyumba Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, maana mawe ni yale yale na bahari ni hiyo hiyo. Nimeyapanga kwa dalili: plasta imemwagika, dari imeshuka, mlango umegoma kufunga. Takriban kila dalili kati ya hizi ina maji nyuma yake, na mara nyingi pale panapoonekana ubovu sipo maji yalipoingilia.

Kwanza tuelewane nyumba imejengwaje. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yameshikwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake ni nusu mita au zaidi. Sakafu za juu na paa zimelala juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini upana wake hauzidi sana mita 3: boriti haikufika zaidi ya hapo. Juu ya boriti kuna mawe, kisha tabaka la chokaa na kokoto lililopondwa kwa vibao siku baada ya siku, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Ukuta wa namna hii hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa taratibu jua likirudi. Haukukusudiwa uwe mkavu kabisa. Ulikusudiwa uweze kukauka. Kila tiba inayozuia mawe na chokaa kukauka itazaa ugonjwa mpya, na katika miaka 50 hivi iliyopita tiba ya namna hiyo imekuwa na jina moja: saruji.

Plasta ya chini inavimba, inatoa unga mweupe na kumwagika

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Plasta inaharibika kuanzia sakafuni hadi kiunoni, pengine hadi kifuani. Ukipitisha kiganja unatoka na unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Fundi aliyeitwa mwaka juzi alibandua, akapiga saruji, akapaka rangi ya mafuta. Sasa plasta mpya inatoka vipande vizima vizima, na alama ya unyevu imepanda juu kuliko ilivyokuwa.

Kinachotokea ni hiki. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe yakiwa yamebeba chumvi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki na kuganda. Chembe za chumvi zinapoganda hukua, na zikikua hupasua kilichozizunguka. Ukuta ukiwa na plasta ya chokaa, unaopasuka ni uso wa plasta, nayo ni laini na hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ukiwa na saruji, maji hayapati pa kutokea, hivyo hupanda zaidi kutafuta njia, na chumvi hugandia nyuma ya saruji, ndani ya jiwe lenyewe. Siku saruji inapodondoka, huja na uso wa jiwe ukiwa umeng'ang'ania mgongoni mwake. Ligeuze pande lililoanguka ulitazame nyuma: ukiona chembe za matumbawe zimekwama, umepata jibu.

Kabla ya kubandua chochote, thibitisha maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani, na dawa yake ni kufungua madirisha. Kisha toka nje uangalie haya:

- Je, njia ya nje imeinuliwa kwa tabaka za lami au vibao vya saruji mpaka imeipita sakafu yako? Maji ya mvua sasa yanaegemea ukuta wako.
- Je, mlizamu wa paa lako, yaani mfereji wa kutolea maji ya mvua, au wa jirani, unamwaga maji kwenye kona hiyo hiyo?
- Je, upande wa pili wa ukuta kuna choo au karo la jirani? Kuta za Mji Mkongwe ni za ubia, na maji hayaulizi hati.
- Je, unyevu huongezeka siku za bamvua, bahari inapojaa sana, na kupungua maji yakiwa mafu, yanapojaa kidogo? Hapo ni bahari yenyewe inasukuma maji ya ardhini, na hilo hutalizuia. Utalipunguza tu.

Ukishaondoa chanzo unachoweza kukiondoa, bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Usikubali mashine ya kutikisa. Pakiwa na mahali saruji imeshika kiasi kwamba kuitoa ni kulivunja jiwe, iache. Baada ya masika moja au mbili yenyewe italegea. Uache ukuta uchi miezi kadhaa. Najua ni vigumu kuishi na ukuta uchi sebuleni, tena wageni wa arusi wanakuja, lakini hakuna hatua inayookoa fedha kuliko hii. Chumvi inayotoka nje isuguliwe kwa brashi kavu na kufagiliwa, wala isioshwe, kwa kuwa maji huirudisha ndani.

Ndipo upige plasta ya chokaa: fungu moja la chokaa kwa mafungu mawili na nusu hadi matatu ya mchanga. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulala humo wiki kadhaa, na ikilala miezi ni bora zaidi. Mchanga usiwe wa pwani, na maji yasiwe ya kisima chenye chumvi, maana utakuwa unakirudisha ukutani kile ulichokitoa. Kazi nzuri hufanyika wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, jua likiwa pole. Plasta ya chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa taratibu, ikihitaji unyevu kidogo; itundikie magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Ikikauka ndani ya saa chache kama saruji, itapasuka vijiufa na kutoa unga. Mwisho paka chokaa nyepesi mara nne au tano, kila mkono uwe mwembamba kama maziwa, ukiacha siku moja kati ya mkono na mkono. Rangi ya mafuta na ile ya plastiki zisikaribie.

Plasta ya sehemu ya chini huenda ikaharibika tena baada ya miaka michache. Ipokee hivyo. Kazi yake ni kuharibika kwa niaba ya jiwe.

Tahadhari moja: mwenye kuzima chokaa avae miwani na glavu. Chokaa mbichi ikikutana na maji hutokota, na tone moja jichoni linaweza kumpofua mtu.

Doa la maji juu ya ukuta, karibu na dari

Unyevu unaoanzia juu haupandi kutoka ardhini, kwa hiyo usiguse ukuta. Panda juu. Nyumba nyingi zilikuwa na paa bapa la chokaa, baadaye zikafunikwa bati, na tatizo hukaa kwenye maungio: bati lilipokutana na ukuta wa ukingo, msumari ulipolika kwa upepo wa bahari, mlizamu ulioziba kwa majani na viota vya kunguru. Kazi ya saa moja ya kuzibua mlizamu kabla ya masika na kabla ya vuli inazuia uharibifu wa mamilioni. Mlizamu utoke nje ya ukuta vya kutosha ili maji yasirudi kulamba mawe.

Doa likiwa chini ya bafu la ghorofani, na kubwa kiangazi na masika sawasawa, shuku bomba. Mimina rangi ya chakula kwenye tundu la bafu, kisha kwenye choo siku nyingine, usubiri uone doa linabadilika rangi lini. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa mawe linaweza kukaa miaka bila kujulikana, likilegeza udongo unaoshika mawe. Mabomba mapya yapite nje ya ukuta, mahali yanapoonekana, hata kama hayapendezi.

Halafu kuna tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na mara nyingi limewekwa katikati ya chumba, juu ya boriti za mkoko zilizokadiriwa kubeba watu na mikeka. Lihamishwe kwenye makutano ya kuta nene, au lishushwe uani na maji yapandishwe kwa pampu.

Dari imeshuka tumbo, au sakafu ya juu inayumba ukitembea

Sakafu ya boriti ikiinama kidogo baada ya miaka 150, huo si ugonjwa. Ugonjwa ni kuinama kunakoongezeka, au boriti moja kushuka kuliko jirani zake.

Watu wengi hukagua boriti katikati kwa kuwa ndipo inapoonekana. Kichwa cha boriti, kile kilichozama ukutani, ndicho kinachooza. Chukua msumari mrefu au bisibisi nyembamba, ipenyeze pale boriti inapoingia kwenye ukuta, ukisukuma kwa mkono tu. Mkoko mzima utakurudisha. Ulioharibika utameza chuma chote, na kitakachotoka kina harufu ya udongo mbichi na rangi ya kahawa. Nje boriti hiyo hiyo inaweza kuwa imara, imepakwa rangi, na ukiigonga inatoa sauti safi. Kagua kila kichwa, pande zote mbili, uandike kwa chaki namba ya boriti na hali yake. Vichwa vibovu vikijipanga upande mmoja wa chumba, ukuta wa upande huo una maji, nayo yatatafuta boriti mpya utakazoweka.

Boriti hubadilishwa moja moja, sakafu ya juu ikiwa imeegemezwa kwa nguzo kutoka chini. Nguzo zifike hadi ardhini, zikipita ghorofa kwa ghorofa. Zikiishia juu ya sakafu ya kati, umehamisha tu mzigo. Kichwa kipya kilazwe juu ya kipande cha mbao ngumu na kiachiwe nafasi ya hewa pembeni na nyuma. Kukifungia kwa saruji ni kukiandalia kuoza. Mikoko ni misitu inayolindwa, basi nunua boriti zenye kibali, na mvule au mninga ulionyooka unafaa pale boriti ya kutosha haipatikani.

Usikubali kuibadilisha sakafu hii kuwa zege. Watu hulifanya kwa nia njema, wakidhani wanaipa nyumba nguvu. Zege ni zito na halipindi, na kuta za matumbawe na udongo huhitaji sakafu inayocheza nazo. Halafu hewa ya bahari huifikia nondo. Chuma kinapopata kutu huvimba, kikapasua zege kutoka ndani, na hapo ndipo unaona mistari ya rangi ya kahawia na vipande vinavyoning'inia juu ya vichwa vya watu. Ikiwa nyumba yako tayari ina zege la namna hii, hilo ni la mhandisi, tena upesi.

Unga chini ya boriti, au vijia vya udongo ukutani

Unga laini wa mbao chini ya vitundu vidogo ni wa wadudu wanaotoboa mbao kavu. Fagia, weka karatasi nyeupe chini, urudi baada ya wiki. Karatasi ikiwa safi, vitundu ni vya zamani, viache. Vijia vya udongo vinavyopanda kutoka sakafuni ni mchwa, na mchwa hufuata unyevu. Kupuliza dawa kwenye boriti huku bomba linavuja chini ni kupoteza fedha. Kausha kwanza, vunja vijia, kisha itwe mtu wa dawa ashughulikie ardhi.

Ufa

Kila nyumba ya mawe ina nyufa. Unachotaka kujua ni kama ufa unatembea. Kata kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa plasta ngumu pande zote mbili za ufa, kiandike tarehe. Weka kimoja juu, kimoja chini. Vioo vikipita masika na kiangazi bila kuvunjika, jaza ufa kwa chokaa na mawe madogo, uendelee na maisha. Kikivunjika, ukuta bado unakwenda.

Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini mara nyingi unasema ukuta unaegemea nje, labda kwa sababu boriti zilizokuwa zikiushikilia zimeoza vichwa. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha unasema upande mmoja wa msingi unadidimia. Tafuta karo au bomba lililopasuka karibu. Ukuta uliotoa tumbo, wenye sauti tupu ukiugonga kwa mpini wa nyundo, ndio wa kuogopwa zaidi: uso wa nje na wa ndani vimeachana, katikati kumebaki kifusi. Hapo watu watoke chumbani, nguzo zisimamishwe, na mhandisi anayezijua nyumba za mawe aitwe kabla ya mtu kugusa jiwe. Beit al Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe lililojengwa 1883 na Sultan Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu walipoteza maisha. Nyumba mbovu haiko salama zaidi kwa sababu mafundi wameshaingia. Kila jiwe linalotolewa hubadilisha njia ya uzito, kwa hiyo egemeza kwanza, bandua baadaye.

Mlango mkubwa haufungi

Seremala ataleta randa. Mzuie. Mlango wa kuchonga wa msaji au mvule haukukua. Kilichobadilika ni ukuta ulioubeba, au kizingiti cha juu kimeinama, au miguu ya fremu imeoza kwa maji ya kudekia baraza. Pima kona kwa kona: vipimo viwili vikipishana, fremu imeshuka upande mmoja. Tengeneza ukuta na mguu wa fremu, na mlango utarudi mahali pake bila kupoteza hata unyoya wa mbao. Mguu uliooza hukatwa na kuunganishwa kipande cha mbao ya aina ile ile. Rangi ya zamani itolewe kwa mkono, polepole, kwani msasa wa mashine hula nakshi. Kisha mafuta ya kitani, mepesi, kila mwaka.

Na atakapokuja mtu kukuambia mlango huu mbovu atakununulia, akuletee mpya wa chuma, mkatalie mbele ya watoto wako. Milango mingi ya mwambao huu iliondoka hivyo hivyo.

Vyumba vina joto na uvundo

Mara nyingi dalili hii huja baada ya ukarabati. Uwanda wa katikati, ule ua wa ndani ulio wazi juu, umeezekwa bati ili kupata chumba, matundu ya juu ya milango yamezibwa, madirisha ya mbao yamebadilishwa kwa vioo na alumini, kisha kikaletwa kiyoyozi. Uwanda ndio uliokuwa ukivuta hewa ya moto juu na kuleta ya baridi kutoka njia nyembamba zenye kivuli. Ufungue. Kama mvua ndiyo shida, weka paa lililoinuliwa juu ya kuta, pande zake wazi. Maji ya kiyoyozi yapelekwe kwenye mtaro kwa mpira. Yakichuruzika ukutani, utarudi kwenye dalili ya kwanza.

Nyumba haina wa kuisemea

Hii haionekani ukutani, lakini ndiyo inayochelewesha mlizamu usizibuliwe miaka kumi. Warithi wako Unguja, Dar es Salaam, Muscat, London, Toronto. Kila mmoja ana fungu, na hakuna aliyeambiwa nyumba ni jukumu lake. Anzeni na hati. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji zilichukuliwa na serikali, nyingine ni wakfu, na zipo ambazo mirathi yake haijagawanywa tangu kwa babu. Jueni mnasimama wapi kabla ya kutoa shilingi. Kisha mteueni mtu mmoja anayeishi karibu, kwa maandishi, awe na mamlaka ya matengenezo madogo na awe na fungu la fedha mkononi kila mwaka. Mashauri makubwa yabaki ya wote.

Kibali ni lazima. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, Lamu tangu 2001. Kwa Unguja mtakwenda kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, mkiwa na picha na michoro ya mnachotaka kufanya, na nawasihi mwende kabla hamjamlipa fundi, kwa sababu ushauri mtakaoupata huko unaweza kubadilisha mpango mzima. Mtafuteni mwashi anayejua chokaa, na mumwombe awaonyeshe ukuta alioupiga miaka mitano iliyopita. Wazee wenye ujuzi huo ni wachache, hivyo ajira ya kijana mmoja wa kumsaidia na kujifunza iingie kwenye makisio.

Fedha zikiwa hazitoshi, na kwa kawaida hazitoshi, mfuatano uwe huu: paa na milizamu, kisha mabomba, kisha vichwa vya boriti, kisha nyufa zinazotembea, kisha plasta, na rangi mwisho kabisa. Mjomba aliye Muscat ataulizia mlango na binamu ataulizia bafu. Watumieni picha ya kichwa cha boriti kilichooza, pamoja na makisio ya mwashi, na muwaombe mchango wa paa kabla masika hayajaingia.